Gharama za Kufufua Pikipiki za Kale

Hapana mwanafunzi katika Kenya asiyeijua pikipiki. Huiona asubuhi ikipeleka maziwa sokoni, huiona mchana ikingoja abiria kwenye njia panda, na huisikia usiku ikirudi nyumbani kwa ngurumo zake. Jina lake latokana na sauti yake, na wako wazee walioiita tukutuku kwa sababu iyo hiyo. Lakini insha hii haisimulii habari za pikipiki mpya zitafutazo riziki barabarani. Yasimulia habari za vikongwe vya ukoo huo, ambavyo vingine vina umri wa kuwa babu zetu.

Jambo la kustaajabisha ni hili. Katika Uingereza, pikipiki iliyotupwa bandani baada ya vita, ikauzwa kwa bei ya chuma chakavu, leo yaweza kumgharimu mwenye kuifufua fedha nyingi kuliko bei ya pikipiki mpya. Mtu mwenye busara atauliza: Kitu kilichochakaa chawezaje kuwa ghali kuliko kipya? Jibu la swali hilo halimo katika hesabu peke yake. Limo katika historia.

Zamani Uingereza ilikuwa malkia wa pikipiki duniani. Mji wa Birmingham na mji jirani wa Coventry ulivuma kwa nyundo na tanuri. Kampuni ya BSA ilianzishwa mwaka 1861 kwa kazi ya kutengeneza bunduki. Baadaye ikageukia baiskeli, na mwaka 1910 ikatoa pikipiki yake. James Norton alianza shughuli zake Birmingham mwaka 1898. Siegfried Bettmann, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Uingereza, aliunda kampuni ya Triumph, ambayo pikipiki yake ya kwanza ilitoka mwaka 1902. Kazi ilistawi hata BSA ikajisifu katika matangazo yake kuwa katika kila pikipiki nne, moja ilikuwa yake.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, viwanda hivyo viliingia katika utumishi wa jeshi. BSA ilitengeneza pikipiki 126,000 za aina ya M20, ambazo zilibeba matarishi wa majeshi katika nchi nyingi. Havikupita bila ya msiba. Mwezi wa Novemba, mwaka 1940, kiwanda cha Triumph katika Coventry kiliangamizwa kwa mabomu, na mwezi uo huo wafanyakazi 53 wa BSA waliuawa katika kiwanda chao cha Birmingham. Amani iliporudi, jeshi liliuza pikipiki lisizozihitaji tena, na watu wa mapato madogo wakajipatia usafiri. Siku hizo nani angeona thamani ya pikipiki kuukuu? Wachache waliona. Mwaka 1946 baadhi ya wapenzi wa vitu hivyo waliunda chama cha pikipiki za kale, wakaanza kuokota yale ambayo wengine waliyatupa.

Kisha pakatokea mashindano ambayo Waingereza hawakuyatazamia. Kampuni ya Honda ilianzishwa katika Japani mwaka 1948. Mwaka 1959 ilituma pikipiki zake ndogo katika mbio mashuhuri za Kisiwa cha Man. Mwaka 1961 ilishinda huko, na mwaka 1969 ilitoa pikipiki ya silinda nne, yenye kuwashwa kwa umeme na breki ya sahani mbele. Pikipiki nyingi za Uingereza wakati huo zilikuwa zikiwashwa kwa teke, na sifa yao moja isiyopendeza ilikuwa kuvuja oili. Wakuu wa viwanda walikuwa wamelewa sifa za jana. Mashine zao nyingi zilikuwa za miaka mingi, na faida haikutumiwa ya kutosha katika kuzifanya mpya. Mwaka 1973 kundi la BSA lilianguka. Wafanyakazi wa Triumph walijaribu kukiokoa kiwanda chao wenyewe kwa ushirika, lakini mwaka 1983 nacho kilifunga milango. Jina la Triumph lilinunuliwa na tajiri mwingine, likafufuka katika kiwanda kipya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini kiwanda cha kale hakikurudi.

Hapa ndipo ilipo mizizi ya gharama. Kiwanda kinapokufa, hakifi peke yake. Hufa na kalibu zake, hufa na michoro yake, na hutawanyika mikono iliyojua kazi yake. Mzee mmoja aliyekuwa akinyoosha fremu kwa jicho tu huenda nyumbani na elimu ambayo haikuandikwa katika kitabu. Tangu siku hiyo kila kipuri kinachovunjika hakina budi kutafutwa katika mabaki, ama kutengenezwa upya kimoja kimoja. Kipuri kilichotengenezwa kwa maelfu kilikuwa rahisi. Kipuri kile kile kikitengenezwa kwa mtu mmoja huwa ghali, kwani taabu ya kuandaa mashine ni ile ile, ila sasa hubebwa na mnunuzi mmoja.

Natutazame kazi yenyewe. Fundi akiletewa pikipiki ya mwaka 1938 huanza kuifungua, na hapo hapo hukutana na shida. Bolti na nati zake nyingi si za vipimo vya leo. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha hesi kwa nchi nzima, chenye pembe ya nyuzi 55. Hesi za kimeta zitumikazo leo zina pembe ya nyuzi 60. Spana ya leo haishiki vema nati ya kale, na nati ya leo ikilazimishwa katika bolti ya kale huharibu zote mbili. Basi fundi hana budi kuwa na seti nyingine ya spana, na ghala nyingine ya nati.

Akimaliza kufungua hukuta magneto, yaani chombo kidogo kizalishacho cheche bila ya betri. Ndani yake mna waya mwembamba kama unywele, uliozungushwa mara elfu nyingi, na zamani ulikingwa kwa lakri. Kwa miaka na joto lakri hulainika, na cheche hufifia. Kuuzungusha waya huo upya ni kazi ya mtu bingwa, na mabingwa wa kazi hiyo ni wachache. Wengi wao ni wazee, na vijana wajifunzao kwao hawatoshi. Mathalani, mabingwa kumi wakiwa na wateja mia, foleni huwa ndefu. Wakibaki watano na wateja wakazidi, bei haina budi kupanda.

Sheria pia ina sehemu yake, na hatuwezi kuilaumu. Uzuri wa pikipiki za kale ulikuwa katika mng'aro wa kromiamu. Lakini moshi na maji yatumikayo katika kazi hiyo yana sumu iletayo saratani, kwa hiyo serikali zimeweka masharti makali. Karakana zilizoshindwa kuyatimiza zilifungwa, na zilizobaki hutoza zaidi. Breki za kale nazo zilivikwa asbesto, ambayo Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999 kwa sababu huua mapafu. Petroli nayo imebadilika: ile ya leo huchanganywa na pombe ya ethanoli, ambayo hula mipira na viungo vya matangi ya zamani. Afya ya watu ina thamani kuliko chuma king'aacho. Lakini afya hiyo hulipiwa, na mwenye pikipiki ndiye alipaye.

Sababu ya mwisho ni soko. Vitu adimu vikitakwa na matajiri, bei husahau asili yake. Katika mji wa Nottingham, George Brough alitengeneza pikipiki za fahari zilizoitwa Brough Superior, kama 3,000 tu, kati ya mwaka 1919 na 1940. T. E. Lawrence, askari na mwandishi mashuhuri, alizipenda mno. Naye alipata ajali juu ya moja yao, akafa mwezi wa Mei, 1935. Kifo chake kilimfanya tabibu Hugh Cairns, mmoja wa waliomuuguza, achunguze manufaa ya kofia ngumu kwa wapanda pikipiki. Mwaka 2016, Brough Superior nane zilizokuwa zimelala mabandani katika Cornwall kwa zaidi ya miaka 50 zilipigwa mnada. Zilikuwa na kutu, na nyingine zilikuwa vipande vipande. Hata hivyo zilileta jumla ya pauni 752,625, na moja kati yao ilileta pauni 331,900 peke yake. Mwaka 2018, katika Las Vegas, Marekani, pikipiki ya Vincent Black Lightning ya mwaka 1951, ambayo iliwahi kuweka rekodi ya mwendo katika Australia, iliuzwa kwa dola 929,000.

Bei hizo ni za vitu vichache, lakini kivuli chao huanguka juu ya vyote. Mwenye BSA ya kawaida akisikia habari za mnada huvimba moyo, akapandisha bei ya gurudumu lake bovu. Matokeo yake ni kinyume cha haki. Pikipiki iliyotengenezwa ili fundi na karani wapate usafiri imekuwa pambo katika sebule ya tajiri, na mjukuu wa yule aliyeiunda kiwandani hawezi kuinunua.

Je, gharama hiyo ni upuuzi? Kabla ya kuhukumu, tukumbuke yaliyotokea karibu na Birmingham. Mwaka 1984 palifunguliwa huko Jumba la Taifa la Makumbusho ya Pikipiki, likakusanya kazi za viwanda vilivyokwisha kufa. Tarehe 16 Septemba, 2003, kipande cha sigara kilichotupwa ovyo kiliwasha moto. Watu walikimbia kusukuma nje pikipiki walizoweza kuokoa, lakini zaidi ya 300 ziliungua. Nyingine zilikuwa za pekee, zisizo na wenzake duniani. Wenye jumba hawakukata tamaa. Walikusanya mabaki meusi, wakawaita mafundi waliokuwa wangali hai, na mwaka 2004 jumba likafunguliwa tena. Kama mafundi wale wasingalikuwako, hata mfuko wa fedha usingalifua dafu, kwa kuwa fedha hununua kazi, lakini haiwezi kununua elimu iliyokwisha zikwa.

Hata hivyo wapenzi wa pikipiki wenyewe hawapatani. Wengine husema kitu cha kale kirudishwe upya hata king'ae kama siku ya kwanza. Wengine husema la: rangi iliyobabuka ni ushahidi, na mkwaruzo ni maandishi ya safari, akiuondoa mtu, amefuta ukurasa wa historia. Mimi nawaunga mkono wa pili pale ambapo chombo chaweza kusimama kama kilivyo. Penye ufa utakaokiangusha, fundi na aingie. Penye kovu tu, kovu na liachwe. Njia hiyo huokoa historia, na huokoa fedha pia.

Sasa msomaji kijana wa Kenya aweza kusema, “Hayo ni mambo ya Ulaya, yanihusu nini?” Yatuhusu sana. Tunao mafundi wa jua kali ambao huifungua pikipiki chini ya mwembe na kuifunga tena kabla ya jua kuchwa. Wanaijua kazi yao kwa mikono na masikio, kama walivyoijua wazee wa Birmingham. Je, elimu yao imeandikwa? Je, mwanafunzi huiheshimu kama aiheshimuvyo elimu ya darasani? Waingereza nao walidhani viwanda vyao vitadumu milele, wakaona haja ndogo ya kuweka akiba ya michoro na maarifa. Leo wanalipa deni hilo, kipuri baada ya kipuri.

Wahenga walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Gharama za kufufua pikipiki za kale ni gharama za ukuta huo. Aliyetunza hakulipa sana. Aliyetupa analipa, na atazidi kulipa. Basi na tutunze vyombo vyetu vingali vizima, tuwaandike mafundi wetu wangali hai, na tujifunze kazi zao wangali na nguvu za kufundisha. Kufufua ni jambo jema, lakini kutunza ni bora, na ni rahisi mno kuliko kufufua.