Anwani isiyo na mlango

Neno anwani tulilipata kwa Waarabu, na kwa kawaida hutupeleka hadi kwa mtu: mtaa, nyumba, S.L.P. fulani. Katika mitandao ya kompyuta, kuna anwani zisizo na mlango. Kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255, hakuna namba iliyo ya mashine moja. Kila moja ni ya kundi. Mtaalamu wa mitandao Steve Deering aliuandika utaratibu huu mwaka 1989.

Kompyuta inayotaka kupokea ujumbe wa kundi huiarifu ruta iliyo jirani: nami nimo. Mtumaji hutoa nakala moja tu, bila kujua wapokeaji ni nani wala ni wangapi, na si lazima naye awe mwanachama. Ruta huurudufu ujumbe pale tu njia zinapoachana. Tawi lisilo na mpokeaji halipelekewi kitu.

Ndiyo maana sikubali kuuita utaratibu huu "utangazaji". Mbiu hupigwa mji mzima, aliyelala na aliye macho. "Utumaji kwa wengi" nao haunitoshi, maana kundi laweza kuwa na mmoja, hata likawa tupu. Nasema "utumaji kwa kundi": kundi ndilo lenye anwani.