Tarehe ya Neno Moja Nchini Ugogo

Kilatini kilikuwa na kitenzi mittere, maana yake kutuma. Uzao wake umejaa katika Kiingereza: mission, promise, permit, submit na wengine wengi, ambao wanafunzi wa Dodoma huwakariri mmoja mmoja kana kwamba hawajuani. Mmoja wao alifika Ugogo kabla ya treni.

Huyo ni misheni. Miaka ya 1870 wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, katika safari zao za Buganda, walifungua kituo Mpwapwa kwenye njia ya misafara. Wakatoliki waliojenga kituo cha Bihawana wakaleta misa, jina lililotokana na maneno ya kuwaaga waumini ibada inapokwisha, waende zao. Kwa hiyo misheni na misa ni tumbo moja.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, enzi ya Mjerumani. Mwingereza alipotawala akaufanya mji kuwa makao ya Jimbo la Kati, akamweka kamishna, yaani aliyetumwa kwa mamlaka ya mwingine. Waliomtuma walikuwa ng'ambo, na Mgogo hakuulizwa. Baada ya Uhuru cheo cha kamishna wa wilaya kikawa mkuu wa wilaya, lakini hadi leo mtu wa Bahi au Kongwa husema, "Naenda kwa DC," na hiyo C ni kamishna yule yule.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Zikafuata kamati, za chama na za Bunge. Nazo ni za ukoo huo, maana kamati ni watu waliokabidhiwa jambo. Mesenja wa ofisini na meseji ya simu vilevile.

Lakini Kiswahili hakikuishia kuazima. Tuma ilikwisha kuzaa mtume, utume, mtumishi, na mtumwa, neno zito katika nchi iliyopitiwa na misafara ile. Ikazaa pia tume, na leo Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ina makao yake Njedengwa, hapo hapo Dodoma. Kwangu mimi, tume ni neno bora kuliko kamisheni: mtoto hulielewa bila kufasiriwa.

Walimu wa Kiingereza wa Dodoma, mnapofika kwenye permit na submit, tangulizeni kuandika tuma ubaoni. Wanafunzi wanaujua ukoo wake tangu nyumbani. Waonyesheni kwamba Kilatini kilizaa kwa njia hiyo hiyo.