Vidonge vya Majira na Hofu ya Kuharibika kwa Kizazi katika Bonde la Rufiji

Hofu kwamba vidonge vya kupanga uzazi huharibu kizazi imeelezwa mara nyingi kuwa ni ujinga wa wanawake wa vijijini. Maelezo hayo hayatoshi. Katika vijiji vya bonde la Rufiji kama Mkongo, hofu hiyo ina historia yake, na sehemu ya historia hiyo ni kuchanganywa kwa dawa mbili zisizofanana.

Kupishanisha uzazi hakukuwa jambo geni. Mama anayenyonyesha alitarajiwa kujiepusha na mimba ya haraka asije akambemenda mtoto, na Kurani inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Kwa hiyo jina la vidonge vya majira halikugongana na mila. Kilichoogopwa ni ugumba. Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa uzazi wa Pwani ulikuwa chini kuliko wa mikoa ya Ziwa, na kisonono kisichotibiwa, ambacho huziba mirija ya uzazi, ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Mwanamke aliyekosa mtoto baada ya kumeza vidonge aliweza kuvinyooshea kidole. Maradhi ya miaka ya nyuma hayakuonekana.

Huduma zenyewe zilifika kwa mkono wa dola. Chama kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, ambacho baadaye kilikuja kuitwa UMATI, kilianzia mjini; kuanzia 1974 huduma ziliingizwa katika kliniki za mama na mtoto. Kufikia hapo wakazi wa bonde walikwisha kuhamishwa kutoka mashamba yao ya mafuriko katika Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969. Si ajabu basi kwamba dawa ya serikali ilipokewa kwa tahadhari.

Kuhusu vidonge, ushahidi uko wazi. Utafiti ulioanza Uingereza mwaka 1968 chini ya Martin Vessey, uliohusisha wanawake 17,032, ulibaini kuwa uzazi huchelewa kwa muda tu. Utafiti mwingine wa Ulaya, uliochapishwa 2009, ulifuatilia wanawake 2,064 walioacha vidonge ili wapate mtoto: asilimia 79.4 walishika mimba ndani ya mwaka mmoja.

Sindano ya miezi mitatu ni habari nyingine. Dawa yake hubaki mwilini muda mrefu, na mimba hupatikana kwa wastani wa miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho. Kufikia 2010 sindano ilikuwa imevipita vidonge kwa matumizi nchini, pengine kwa kuwa haihitaji kukumbukwa kila siku wala kufichwa chini ya godoro. Lakini kwa mama mkwe, karibu mwaka mzima bila mimba ni ugumba tayari. Na kwa kuwa zote huitwa dawa za uzazi wa mpango, lawama ya sindano ilivishukia vidonge pia.

Rais Magufuli alipowataka wanawake waache njia hizo, akiwa Meatu Septemba 2018, hoja yake ilihusu bidii ya kulisha watoto. Suala la kizazi kurudi, na baada ya muda gani kwa kila dawa, lilibaki mikononi mwa muuguzi wa zahanati.