Sabuni ya kunyolea ikikataa kutoa povu, tazama maji kwanza

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayeishi Isiolo kwa sababu ya kazi. Mwaka jana baba yangu alikuja kukaa nami baada ya mikono yake kuanza kutetemeka. Katika sanduku lake alileta vipande vitatu vya sabuni ngumu ya kunyolea, ile ya duara yenye harufu ya sandali, aina anayoitumia tangu mimi mtoto. Kila Ijumaa asubuhi ni lazima anyolewe: kichwa upara, na mashavu yasafishwe juu ya mstari wa ndevu. Kazi hiyo ikawa yangu.

Ijumaa ya kwanza povu halikutoka. Nilisugua brashi mpaka mkono ukachoka, nikapata maji meupe yenye vijipande kama maziwa yaliyokatika. Nikanyoa hivyo hivyo, nikamkata nyuma ya sikio. Baba anatumia dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, na kidonda kile kidogo kilitoka damu mpaka adhuhuri ikapita. Hakwenda msikitini. Jioni akaniambia, "Mwanangu, hini si sabuni yangu. Na usininyoe tena."

Sabuni ilikuwa ni yake ile ile. Kilichobadilika ni maji. Naandika haya kwa sababu wenzetu wengi wa pwani wanaishi bara, na wengi waliobaki pwani wanatumia visima vya maji ya chumvi, na huenda wanatupa sabuni nzuri bila kosa lake.

Kwa nini povu linakataa

Sabuni hutengenezwa kwa kupika mafuta pamoja na kostiki au potasi. Katika maji laini, kama ya mvua, inayeyuka na kutoa povu bila taabu. Lakini maji yakiwa na madini mengi ya kalsiamu na magnesiamu, madini hayo huikamata sabuni na kuigeuza uchafu mweupe usioyeyuka. Huo ndio utando unaouona ukingoni mwa ndoo na beseni. Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Sabuni yote ya mwanzo inaliwa na madini, na povu haliwezi kusimama mpaka madini yashibe.

Maji ya Isiolo hayafanani. Mto Isiolo unateremka kutoka upande wa Mlima Kenya, lakini nyumba nyingi, yetu ikiwemo, hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Maji yaliyokaa ndani ya miamba hubeba madini ya miamba hiyo. Birika letu la chai lina ukoko mweupe ndani, na huo ni ushahidi tosha. Pwani nako mambo ni yale yale kwa sababu nyingine: visima vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na vilivyo karibu na bahari huingiliwa na maji ya chumvi.

Ukitaka kuhakikisha, fanya jaribio hili. Chukua chupa mbili safi. Moja tia maji ya mvua, nyingine maji unayoyatumia, kipimo sawa. Paruza sabuni kidogo, gawanya sawa katika chupa zote mbili, ziba na utikise kwa nusu dakika. Povu likisimama katika ya mvua na lisisimame katika ya pili, huku maji yake yakiwa meupe yenye vijipande, usimlaumu muuza sabuni.

Kikombe kimoja chatosha

Jambo nililolichelewa kulielewa ni kwamba huhitaji kubadilisha maji ya nyumba nzima. Kulowanisha brashi na kutengeneza povu la kunyolea hakuzidi kikombe kimoja. Kuoga na kusuuza endelea na maji uliyonayo. Kikombe hicho unaweza kukipata hivi:

1. Maji ya mvua. Haya ndiyo bora. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kisha kinga chini ya mlizamu kwa chombo safi chenye kifuniko. Hapa Isiolo mvua zetu ni za Machi hadi Mei na Oktoba hadi Disemba, kwa hiyo kinga mapema. Yachuje, uyachemshe kabla ya kuyatumia usoni, hasa kwa mtu mwenye vidonda.

2. Maji yaliyochemshwa na kutulizwa. Sehemu ya ugumu huondoka maji yakichemka: madini hushuka chini na kuwa ule ukoko wa birika. Chemsha dakika kadhaa, acha yatulie, kisha mimina ya juu taratibu bila kutibua. Si maji yote yanayokubali njia hii, kwani ugumu wa aina nyingine hauondoki kwa moto. Jaribu kwa chupa kama nilivyoeleza.

3. Maji ya chupa ya kunywa. Soma kibandiko, utazame tarakimu za kalsiamu na magnesiamu. Kadiri zilivyo ndogo, ndivyo maji yalivyo laini.

Kuna mambo matatu ya kuepuka. Usikamue ndimu wala kutia siki ndani ya bakuli la povu, kwani asidi huivunja sabuni ikarudi kuwa mafuta. Siki iache kwa kuondolea ukoko wa birika. Usitie magadi. Ni kweli magadi hulainisha maji, lakini ni makali kwa ngozi ya uso. Wala usitumie maji ya betri, kwa sababu dukani huweza kuchanganywa na tindikali ya betri.

Sabuni na brashi

Sabuni ya mafuta ya nazi ina sifa yake. Hutoa povu hata katika maji ya chumvi, ndiyo maana sabuni za mabaharia zilitengenezwa kwa nazi. Lakini povu lake ni la mapovu makubwa yanayokauka upesi. Sabuni nzuri ya kunyolea huchanganya mafuta ya nazi na mafuta mazito zaidi, kama ya mawese au ya ng'ombe, ambayo hutoa povu zito lenye mapovu madogo linalokaa shavuni mpaka umalize. Ndiyo sababu kipande cha sabuni ya kuogea hakichukui nafasi yake.

Anayechunga halali asome kibandiko. "Sodium tallowate" ni sabuni ya mafuta ya mnyama, kwa kawaida ng'ombe au kondoo. "Sodium lardate" ni ya nguruwe. Brashi nazo vile vile: nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa nywele za nguruwe, na huandikwa "boar". Za nailoni zipo, zinakauka haraka, na zinafanya kazi vizuri sana kwa sabuni ngumu.

Namna ya kulitoa povu

Lowanisha uso au kichwa kwa taulo lililochovywa maji ya moto ya wastani, kwa dakika mbili au tatu. Nywele ikilowa hulainika na kukatika kwa urahisi. Wakati huo huo weka brashi ndani ya kikombe cha maji vuguvugu, na mimina kijiko kimoja cha maji hayo juu ya sabuni. Kijiko hicho hulegeza uso wa sabuni, na harufu ya sandali utaisikia inapanda.

Baada ya hapo mwaga maji yaliyo juu ya sabuni. Kung'uta brashi mpaka ibaki na unyevu tu, kisha izungushe juu ya sabuni kwa nusu dakika. Kama maji yako si laini kabisa, zungusha dakika nzima au zaidi. Wengi hukosea hapa kwa kuchukua sabuni kidogo na maji mengi. Brashi inatakiwa ibebe uji mzito unaonata.

Hamishia kwenye bakuli tupu, uzungushe tena. Ongeza maji matone machache kwa wakati, kamwe usimimine. Mwanzo povu litakuwa kavu na lenye mapovu makubwa. Endelea. Likiwa tayari litang'aa, litakuwa zito kama tui la kwanza, na ukiinua brashi litaacha kilele kinachopinda ncha. Likikauka shavuni, lilikosa maji. Likichuruzika, lilikosa sabuni, basi rudi kwenye kipande uongeze.

Paka kwa kuzungusha, umalizie kwa kufuata mlalo wa nywele. Nyoa kufuata mlalo huo huo, bila kukandamiza wembe. Sisi wenye nywele za kipilipili tukinyoa kinyume na kuvuta ngozi sana, nywele hukatika chini ya ngozi kisha hujikunja na kurudi ndani, na hapo ndipo vipele vya ndevu vinapoanza.

Ukimaliza suuza kwa maji baridi. Shabu, ile mbichi ya vinyozi, bado ni dawa nzuri ya mikwaruzo midogo: ilowanishe na upitishe polepole. Lakini kila mtu awe na kipande chake, na wembe wake. Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi vinaweza kupita kwenye wembe uliogusa damu ya mwingine. Sabuni na brashi viache mahali penye hewa, vikauke.

Kuhusu harufu

Manukato hayaongezi povu, na kwa watu wengine ndiyo yanayowasha ngozi. Kabla ya kutumia sabuni mpya usoni, paka povu lake ndani ya kiwiko, suuza, rudia siku chache. Pakiwasha au pakiwa pekundu, iache.

Sisi watu wa liwa tunaipenda sandali, na huku kaskazini usishangae ukitafutiwa magogo au mafuta ya msandali wa porini. Kataa. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti chini ya mkataba wa CITES, kwa sababu miti hiyo hung'olewa na mizizi yake.

Tulivyomaliza na baba

Kwa wiki tano baba hakuninyoosha kichwa, na ndevu zake zilikuwa shaghalabaghala. Mvua za Aprili zilipoanza, nikaweka sufuria chini ya mlizamu bila kumwambia. Ijumaa asubuhi nikamwomba anione nikipiga povu tu, nisimguse. Lilisimama ndani ya bakuli dakika ya kwanza.

Akalitazama kwa muda, kisha akakumbuka jambo ambalo sote tulilisahau. Nyumbani kwao Mji wa Kale maji ya kisima yalikuwa ya kufulia na ya msalani. Ya kunyolea babu aliyateka kwenye tangi la mvua, na mtoto aliyeyachezea alipigwa. Naye kwa miaka yote hakupata kujiuliza kwa nini.

"Basi lete wembe," akasema.

Siku hizi tuna mtungi wa lita 20 jikoni, wenye kitambaa chekundu shingoni, usioguswa kwa kazi nyingine. Kwa kikombe kimoja kila Ijumaa, unatufikisha msimu mwingine wa mvua na kubaki.