Duka la Redio Lililozaa Vyombo vya Angani

Chumbani kwangu kuna mafurushi mawili ambayo mama anayachukia kwa kiwango sawa. La kwanza ni la riwaya za kisayansi, zile za watu wanaohamia sayari nyingine kabla hawajamaliza deni la kodi ya nyumba hapa duniani. La pili ni la redio mbovu, koili, spika zilizochanika na waya zisizojulikana zilikotoka. Kila wiki mama ananikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka: ama niwe mwandishi, ama niwe fundi.

Shahidi wangu ni mmoja tu, marehemu Hugo Gernsback. Nikishamtumia kujitetea nitamshtaki na yeye, maana anastahili.

Jamaa huyu alizaliwa Luxembourg mwaka 1884, akaingia Marekani mwaka 1904 akiwa na betri aliyoibuni mwenyewe. Betri haikumtajirisha. Akafungua biashara New York ya kuagiza vifaa vya umeme kutoka Ulaya, na mwishoni mwa 1905 akaanza kutangaza mtambo mdogo wa kupelekeana ishara bila waya, uitwao Telimco. Bei yake haikufika dola 10. Upande mmoja kuna koili ya kurusha cheche, upande wa pili kuna kichupa cha kioo chenye chenga za chuma. Cheche ikiruka huku, chenga kule zinashikana, umeme unapita, kengele inalia. Basi, ni hivyo tu, tena kwa umbali wa kama maili moja. Lakini siku hizo mambo hayo yalikuwa ya meli na serikali. Mwenyewe alisimulia kwamba polisi alifika dukani kumchunguza, kwa sababu kitu cha bei ndogo namna ile lazima kiwe utapeli. Sijui angefanyaje askari yule kama angepangiwa doria Kariakoo.

Sasa, ukimuuzia mtu vifaa, atarudi kukuuliza avifanyie nini. Katalogi ya duka ikaanza kunenepa kwa maelezo, na mwaka 1908 Gernsback akaanzisha gazeti la ufundi, Modern Electrics. Mwaka 1911 akaanza kutoa humo, kwa mafungu, hadithi yake mwenyewe, Ralph 124C 41+, inayotokea mwaka 2660. Nisikufiche, kama riwaya ni mbovu. Wahusika wanaongea kama ile karatasi ya maelekezo inayokaa ndani ya boksi la pasi. Mapenzi yamo, ila unamwona mwandishi ana haraka ya kurudi kwenye mitambo. Lakini mitambo yenyewe sasa! Simu ya kuonana nyuso imo. Imo pia namna ya kurusha mawimbi yakakigonga chombo kilichoko mbali angani, yakarudi, ukapima umbali wake. Rada zenyewe zilikuja kufanya kazi miaka ya 1930. Mtu asiyewahi kuunguza kidole kwa risasi ya moto asingeweza kuwaza vile, na hapo ndipo ninapomwambia mama kwamba furushi ni moja, limekatika kamba tu.

Mwaka 1925 akaonyesha katika gazeti lake jingine kofia kubwa ya kumfunika mwandishi kichwa kizima ili asisikie kelele, ina vitundu vya macho na mpira wa kuingizia hewa ya oksijeni. Mimi jirani yangu ana baa. Nikajaribu ya kwangu kwa boksi na vipande vya godoro. Niliandika mistari mitatu, nikatoka nimelowa jasho kama mpika maandazi, na ule muziki nilikuwa nausikia vilevile.

Aprili 1926 likatoka Amazing Stories, gazeti la kwanza la Kiingereza kushughulika na hadithi za kisayansi peke yake. Toleo la kwanza lilirudia kazi za zamani za Verne, Wells na Poe. Kitu kilicholeta mapinduzi kilikuwa kidogo: barua za wasomaji zilichapwa pamoja na anwani zao. Vijana waliokuwa wakichekwa mitaani kwao wakaanza kuandikiana, wakaunda vilabu, wakatoa vijigazeti vyao vya kurudufu. Sisi wa kurasa hizi ni ukoo huohuo.

Haya, mashtaka. Bwana huyu alikuwa mgumu kutoa hela. H. P. Lovecraft alichapishiwa "The Colour Out of Space" mwaka 1927, akadai weee, mwisho akapata dola 25. Tangu hapo akambatiza Hugo Panya. Januari 1934, kijana wa miaka 19, Donald Wollheim, aliona hadithi yake ya kwanza ndani ya Wonder Stories, gazeti jingine la Gernsback. Furaha tele, hela hakuna. Angekuwa mwingine angenyamaza, maana kuchapwa nako ni raha. Yeye aliwaandikia wenzake, akakuta nao hawajalipwa. Wakaungana, wakaenda kwa wakili, na shauri likamalizwa nje ya mahakama kwa dola 75. Mwaka 1935 Wollheim akafukuzwa katika chama cha wapenzi wa hadithi hizo, chama kilichoanzishwa na gazeti lilelile.

Kwa hiyo ninampenda mzee huyu, lakini hadithi yangu nisingempa kabla sijaona noti. Alifariki mwaka 1967. Tuzo kubwa za hadithi za kisayansi, zilizoanza mwaka 1953, zinaitwa Hugo kwa heshima yake. Wollheim naye mwaka 1971 alianzisha kampuni ya vitabu, DAW, herufi za mwanzo za majina yake mwenyewe.

Nimemsomea mama makala haya. Akauliza gazeti linalipa kiasi gani. Nikamjibu, nakala mbili. Alinitazama kidogo, akaenda chumbani kwake, akarudi na redio yake iliyokufa tangu mwezi wa Ramadhani, na noti ya elfu mbili juu yake.