Mtu Mmoja, Mawazo Mawili: Maktaba na Mabomba ya Programu

Oktoba 1968, wataalamu wa kompyuta walikutana Garmisch, Ujerumani Magharibi, kwa udhamini wa NATO, wakitafuta sababu ya programu kuchelewa, kugharimu kupita kiasi na kujaa makosa. Doug McIlroy wa Bell Labs, Marekani, alikuja na jibu lake: watu wanaandika upya kazi ambayo wenzao wamekwisha kuiandika. Alitaka viwepo vipande vilivyopimwa vizuri, ambavyo kila mwandishi wa programu angevichukua na kuviingiza katika kazi yake.

Jambo lenyewe halikuwa geni. Kompyuta EDSAC ilipoanza kazi Cambridge, Uingereza, mwaka 1949, David Wheeler na wenzake walihifadhi vipande vya kukokotolea kwenye kanda za karatasi zenye matundu, ndani ya kabati la chuma. Kufikia 1951 maktaba hiyo ilikuwa na vipande 87. Aliyehitaji kipeuo cha pili alinakili kanda husika, akaendelea na yake.

Cha ajabu, McIlroy huyohuyo ndiye aliyeisukuma njia ya pili. Tangu 1964 alikuwa ameandika kwamba programu ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani, kila moja ikiishi peke yake. Aliwasumbua wenzake miaka kadhaa, hadi mwaka 1973 mwenzake wa Bell Labs, Ken Thompson, alipoweka mabomba, yaani njia za kupitisha matokeo ya programu moja hadi nyingine, ndani ya mfumo endeshi wa Unix kwa usiku mmoja tu. Tangu hapo, kukagua tahajia kukawa kazi ya mnyororo: programu moja inatenga maneno, nyingine inayapanga, ya tatu inafuta yaliyojirudia, ya mwisho inayalinganisha na kamusi. Hakuna inayojua undani wa mwenzake; zinapokezana maandishi tu. Gharama ipo, maana kila kitu lazima kiandikwe na kusomwa tena njiani.

Maktaba ina kasi zaidi, ila huishi ndani ya programu iliyoialika na kutumia kumbukumbu ileile. Aprili 2014 dunia iliona maana yake. Kosa lililoingia katika OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, toleo la 1.0.1 la mwaka 2012, lilimwezesha mgeni yeyote kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa ombi moja: nywila, hata funguo za siri. Kosa hilo liliitwa Heartbleed.

Waandishi wa OpenSSH, programu ya kuingia kwa usalama katika kompyuta za mbali, walikuwa wameiona hatari ya namna hiyo mapema. Mwaka 2002 waliigawa programu yao katika sehemu zinazoishi kila moja peke yake, kama zile za mabomba: sehemu inayozungumza na wageni ikanyang'anywa mamlaka, na kazi nyeti zikabaki kwa nyingine. Kwa hesabu za kawaida, chukua maktaba bila wasiwasi. Lakini anayetunza funguo za watu afuate njia ya OpenSSH, hata kama mashine itachelewa kidogo.