Ukurutu wa Utitiri: Jina la Ugonjwa Lielekeze Dawa

Sungura anayefugwa nyuma ya nyumba mjini Arua akianza kutikisa kichwa, kujikuna masikio kwa miguu ya nyuma na kuota magamba puani, watu watatu wanaweza kukupa majina matatu. Wa kwanza atasema ni upele. Wa pili atasema ni ukurutu. Wa tatu atasema tu kwamba mnyama ana wadudu. Kila mmoja ameona jambo la kweli, lakini hakuna aliyeutaja ugonjwa mzima, na pengo hilo la lugha huishia kwenye tiba. Aliyeona upele hutafuta cha kukausha ngozi, aliyeona magamba huyakwangua, na aliyesikia wadudu hukimbilia sumu iliyo karibu. Makala hii inapendekeza jina moja, ukurutu wa utitiri, na inaeleza kwa nini kila neno lililomo lina kazi yake.

Kiswahili si mgeni West Nile, eneo la Uganda lenye miji ya Arua na Koboko. Kilienea pamoja na askari na Wanubi, kikaendelezwa na biashara ya mpakani, kwani Koboko imekaa pale Uganda inapokutana na Kongo na Sudan Kusini, na wafanyabiashara wa Arua huvuka kwenda soko la Ariwara, Kongo. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha ikishaingia darasani hudaiwa zaidi ya salamu na bei za sokoni. Mwanafunzi atataka iseme pia kinachomsumbua sungura wake.

Tuyapime maneno tuliyo nayo. Upele ni jina la vipele vya ngozi kwa jumla, na katika Kiswahili cha zahanati ndilo jina la ugonjwa wa binadamu wa kuwashwa usiku katikati ya vidole na viunoni. Ukurutu ni ngozi iliyokauka, ikapasuka na kubanduka magamba. Maelekezo ya ufugaji ya Tanzania hulitumia neno hili kwa mbuzi, nguruwe na sungura, ila kwa binadamu hutumika pia kwa ngozi inayowasha bila mdudu yeyote. Utitiri ni neno wanalolijua wafugaji wa kuku: vidudu vidogo mno vinavyojaa kwenye viota na kumpanda anayeokota mayai. Wataalamu wa mifugo wamelipanua neno hili lishike jamii nzima ya vidudu hivyo, ambavyo ni ndugu wa kupe na buibui na vina miguu minane vikikomaa.

Kwa hiyo ukurutu hutaja kinachoonekana na utitiri humtaja anayekisababisha. Ukitumia la kwanza peke yake, unamchanganya mgonjwa huyu na mwenye choa, ambayo wengine huiita mashilingi. Choa huletwa na kuvu, na dawa ya utitiri haiigusi. Ukitumia la pili peke yake, umemtaja mdudu bila ugonjwa, maana utitiri unaweza kuwa bandani pasipo mnyama kuugua. Yakiunganishwa na kiungo cha umilikishi, yanatoa istilahi kamili, iliyoundwa kama homa ya matumbo au kichaa cha mbwa, na hakuna atakayeona ugumu kuitamka.

Chini ya jina hilo kuna aina tatu za kutofautisha. Ya kwanza ni ukurutu wa masikio, unaoletwa na utitiri uitwao Psoroptes cuniculi. Huu hauchimbi ngozi, hukaa juu yake ndani ya sikio na kuichokoza hadi itoe majimaji yanayokauka. Ukilifunua sikio lililoathirika utaona utando wa kahawia uliopangana tabaka juu ya tabaka kama chapati iliyokauka, na ukiubandua kwa nguvu, chini yake kuna nyama mbichi inayotoa damu. Mnyama huinamisha kichwa upande mmoja, na maambukizi yakizama ndani ya sikio hupoteza mizani.

Aina ya pili ni ukurutu wa pua na miguu, kazi ya Sarcoptes scabiei. Jike lake, lenye urefu usiofika nusu milimita, huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo. Huanzia ncha ya pua, midomo, kope na vidole, kisha huenea. Sungura ambaye midomo na vidole vyake vimefunikwa na magamba meupe hawezi kula vizuri, na hukonda hadi kufa. Utitiri huu humwasha pia binadamu. Mtoto anayembeba sungura kifuani anaweza kutokwa na vipele mikononi na tumboni, ingawa aina ya wanyama haidumu kwa mtu baada ya mnyama kutibiwa. Ya tatu ni ukurutu wa mba, unaoletwa na Cheyletiella. Huo huacha unga mweupe mgongoni na kwenye shingo, na ukiutazama kwa makini utaona chembe za unga huo zikisogea.

Binadamu walichukua muda mrefu kukubali kwamba kidudu kinaweza kuwa ndicho kisababishi. Mwaka 1687 Giovanni Cosimo Bonomo, daktari wa Italia, akishirikiana na mfamasia Diacinto Cestoni, alimwandikia Francesco Redi barua akieleza kwamba upele unatokana na kiumbe hai kinachoonekana kwa hadubini. Wengi waliendelea kuamini kwamba damu chafu ndiyo inayotoka nje. Mwaka 1834 mwanafunzi kutoka Korsika, Simon-François Renucci, aliwaonyesha madaktari wa Paris jinsi ya kumtoa mdudu huyo kwa ncha ya sindano, ufundi aliouona kwa wanawake wa kisiwani kwao. Tangu hapo swali la tiba likabadilika. Watu waliacha kuuliza namna ya kuisafisha damu, wakauliza namna ya kumfikia mdudu alipo. Swali hilohilo ndilo kipimo cha kila dawa ya nyumbani inayosifiwa Arua na Koboko.

Oili chafu ya gari na mafuta ya taa hutajwa mara nyingi. Ni kweli kwamba mafuta mazito huziba pumzi ya utitiri ulio juu ya ngozi. Lakini sungura hujilamba mwili mzima kila siku, na maumbile yake hayamruhusu kutapika. Kinachopakwa mgongoni huishia tumboni, na oili chafu imebeba metali na masalia ya injini. Mafuta ya taa huunguza ngozi ambayo tayari imechubuka. Maji ya tumbaku yana historia ndefu zaidi: West Nile imelima tumbaku kwa miongo mingi, na katika karne ya 19 wafuga kondoo wa nchi za mbali waliogesha mifugo yao kwa maji hayo. Nikotini huua utitiri kweli, lakini hupenya pia ngozi ya mnyama, na kwa mwili wa kilo mbili tofauti kati ya dawa na sumu ni matone machache.

Mwarobaini una hadhi bora kuliko hizo. Mafuta yake yana viambato vinavyodhoofisha utitiri na yanaweza kupunguza ukurutu mwepesi. Udhaifu wake ni kwamba nguvu hubadilika kutoka chupa moja hadi nyingine, na ni vigumu kumfikia anayechimba chini ya ngozi. Mafuta ya simsim nayo yana nafasi: matone machache sikioni hulainisha utando ili udondoke wenyewe bila kumuumiza mnyama. Ni msaidizi mzuri wa tiba, ila hayatoshi peke yake.

Hatari iliyo kubwa zaidi hutoka dukani, kwenye chupa zenye lebo nzuri. Dawa ya viroboto vya mbwa yenye fipronili inaweza kumletea sungura degedege na kifo. Dawa za kuogeshea ng'ombe, ziwe za amitrazi au za jamii ya oganofosfeti, zimepimwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Na mtu asimpe sungura kapsuli za amoksilini mdomoni eti zikaushe vidonda, kwa sababu zinaua bakteria wa utumbo anaowategemea kumeng'enya majani, kisha kuhara humwondoa ndani ya siku chache.

Tiba yenyewe, ivamektini, inajulikana, na West Nile inaifahamu kuliko inavyodhani. Ivamektini ilitokana na bakteria aliyepatikana na Satoshi Ōmura katika udongo wa Japani, kisha William Campbell akaonyesha uwezo wake dhidi ya vimelea katika kampuni ya Merck. Ilianza kuuzwa kwa ajili ya mifugo mwaka 1981, na mwaka 1987 kampuni hiyo iliahidi kuitoa bure dhidi ya upofu wa mtoni, ambao Tanzania huitwa usubi. Mwaka 2015 wanasayansi hao wawili walishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba. Vijiji vya West Nile vilivyo karibu na mito ya maji ya kasi vimemeza vidonge hivyo kwa miaka mingi. Mgawaji humsimamisha mtu kando ya fimbo yenye alama, anapima kimo, ndipo anahesabu vidonge. Hapatikani mtu anayepewa kwa kukadiria.

Sungura naye anastahili fimbo yake, ambayo ni mizani. Ivamektini ya sindano ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, na mililita 1 humtosha mnyama wa kilo 50. Kwa kipimo hicho cha miligramu 0.2 kwa kilo, sungura wa kilo 2 anahitaji mililita 0.04, yaani mistari 4 kwenye bomba la insulini lenye mistari 100. Daktari wa wanyama huweza kukipandisha hadi miligramu 0.4. Anayevuta nusu mililita kwa macho amempa zaidi ya mara kumi ya kiwango hicho cha chini. Vidonge vya binadamu visivunjwe kwa ajili ya kazi hii, na aliyekusudia kumla sungura huyo amuulize daktari muda wa kusubiri kabla ya kuchinja.

Dawa hiyo haiui mayai ya utitiri. Mzunguko wa maisha wa utitiri wa masikio ni kama wiki tatu, kwa hiyo sindano hurudiwa baada ya siku 14 hivi, na mara nyingine huongezwa ya tatu, ili waliototolewa wafe kabla hawajataga. Sungura wote wa banda moja hutibiwa kwa pamoja, hata wanaoonekana wazima. Matandiko huchomwa, mbao husuguliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Psoroptes huweza kuishi nje ya mnyama kwa siku nyingi, hasa penye ubaridi na unyevu, na msimu mrefu wa mvua wa West Nile huleta unyevu huo hadi ndani ya banda.

Hii ndiyo sababu naitetea istilahi ya maneno mawili. Mama wa Koboko akimwambia muuzaji wa dawa za mifugo, «Mwanangu, naomba ya upele,» ataondoka na chochote kilicho rafuni. Akisema, «Nina sungura wa kilo mbili mwenye ukurutu wa utitiri wa masikio,» ametaja mnyama, uzito, dalili, kisababishi na mahali. Muuzaji mwaminifu atajua cha kumpa au ampeleke kwa nani, na asiyejua ataona mwenyewe kwamba chupa ya kuogeshea ng'ombe haijibu ombi hilo.